Kijiko cha Isabgol Kabla ya Magharibi

Mwezi wa Machi, soko letu la Unjha, hapa Gujarati, India, likiwa limefurika, mtu asiye mwenyeji hupiga chafya kabla hajasalimia. Hewa yote ni bizari ya pilau na shamari, na juu yake huelea vumbi jeupe la isabgol, mbegu ambayo maganda yake ni dawa ya kulainisha choo, linaloingia kwenye nyusi, kwenye chai na kwenye mifuko ya shati. Katika vumbi hilo ndimo alimozeekea Sevantilal Shah, na kama lilimsumbua hakuwahi kusema. Alikuwa dalali. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya mkulima mwenye mbegu, mwenye kinu na mnunuzi wa mbali, awasikilize wote watatu wakidanganyana, kisha awapatanishe. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani mizito na ulimi usiojua likizo.

Lakini palikuwa na muda mfupi ambao hata ulimi ule ulinyamaza. Kila alipofika mnunuzi mgeni, Sevantilal aliagiza glasi ya maji na kijiko kikubwa. Alijaza kijiko maganda ya isabgol, yale maganda meupe yanayopurwa kutoka kwenye mbegu, mepesi hata ukihema karibu yanaruka. Aliyatia majini, akakoroga, akaiweka glasi mezani na kukunja mikono. Maganda yakaanza kunywa. Kila moja lilivimba, likashikana na jingine, na maji yaliyokuwa yakichezacheza yakatulia, yakawa mazito, yakawa kitu kisicho maji wala chakula. Mwishowe aliigeuza glasi kichwa chini juu ya karatasi safi za mnunuzi. Mnunuzi aliruka nyuma na kiti chake, na hakikudondoka kitu.

Wenzake sokoni walimcheka. "Sevanti yuko ibadani," walisema. "Mwacheni amalize ndipo mumwulize bei." Wala hawakukosea sana. Wao waliona ujanja wa biashara, nao ujanja ulikuwemo, maana mnunuzi aliyerushwa na kiti chake husahau kubembeleza bei. Lakini Sevantilal mwenyewe hakuwahi kuizoea ile glasi. Mamia ya mara aliitazama, na kila mara alijiona kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu vyake.

Chanzo chake ni mvua. Mwaka wake wa kwanza kazini, kijana bado, alitumwa kijijini kukagua shamba lililokuwa tayari kuvunwa. Usiku kikapita kiwingu kimoja tu, tena si cha msimu. Sisi wengine wote humwomba Mungu mvua, ila mkulima wa isabgol hulala akiomba isinyeshe. Asubuhi Sevantilal alifika akakuta shamba zima linang'aa. Mbegu zilikuwa zimekunywa zikiwa bado kwenye masuke. Zilikuwa zimevimba, zimetoa ute, zimeanguka, na mkulima alikuwa amesimama katikati akiteleza, kila akiinua mguu ute unamfuata kwa nyuzi ndefu. Mtu yule hakulia. Alisema tu, "Ona nguvu zake." Sevantilal alirudi mjini na kauli hiyo moyoni. Hata alipopata nyumba, pikipiki, kisha kipara, ilikuwa bado ikimsumbua: kitu kidogo kuliko chawa, kavu, kimya, na ndani yake kiu ya namna ile.

Kitu cha pili kilichomshangaza maishani alikuwa mkewe, ingawa hilo hakuwahi kumwambia mkewe mwenyewe.

Vasumati alitoka mji wa Patan. Alipokuwa msichana wa miaka tisa aliweka nadhiri mbele ya mtawa wa dini yetu ya Kijaini kwamba, jua likishazama, hakuna kitakachopita midomo yake hadi asubuhi, si chakula, si dawa, si tone la maji. Wengi wetu tumeiweka nadhiri hiyo, na wengi wetu tunajua ladha ya aiskrimu ya saa tatu usiku. Sevantilal alikuwa Mjaini wa sikukuu. Siku nane za mfungo wakati wa masika aliishika nadhiri vizuri, akalalamika siku zote nane, kisha akarudi kwenye aiskrimu yake. Vasumati alikaa naye kwenye benchi mbele ya gari la aiskrimu akitazama magari yanayopita, na hakuwahi kumkunjia uso.

"Hata kulamba?" mumewe alimchokoza.

"Hata kulamba."

"Mungu amelala saa hizi, Mama Jagruti. Amechoka na watu wa mchana."

"Basi usipige kelele utamwamsha," alijibu Vasumati, na kumpangusa kidevu.

Nadhiri hiyo hakuivunja siku ya harusi yake, wakati wageni wanakula mpaka usiku. Hakuivunja akiwa na malaria, wala usiku aliokuwa na uchungu wa Jagruti, binti yao wa pekee, ambaye sasa ameolewa Mumbai. Mkunga aliweka kikombe cha maji karibu na kichwa chake na asubuhi akakikuta kimejaa vilevile. Sevantilal alisimuliwa, akatoka nje, akasimama ukutani muda mrefu. Lakini mume wa Unjha hamwambii mkewe mambo kama hayo. Humwambia mnunuzi.

Wakazeeka. Vasumati akaanza kusumbuliwa na choo, jambo ambalo mama mwenye heshima zake halitaji mezani. Alihangaika nalo peke yake kwa maji ya moto na zabibu zilizolowekwa, mpaka Sevantilal alipomkuta asubuhi moja amejiinamia kitandani, mkono tumboni.

"Una nini?"

"Hakuna."

"Hakuna gani hiyo inayomkunja mtu?"

Alipoelewa, alicheka mpaka miwani ikamteremka puani. "Mke wa dalali wa isabgol amefunga choo! Watu wakisikia, nitamwuzia nani tena? Si watasema hata nyumbani kwake haifanyi kazi?"

"Cheka tu," akasema Vasumati. "Siku yako itakuja, na mimi nitacheka mbele ya wageni."

Jioni ile alimletea pakiti ya maganda bora kabisa, yale wanayopelekewa watu wa ng'ambo, meupe, bila punje ya mbegu ndani. Aliyaweka mkononi mwake kwa majivuno ya bwana harusi. Vasumati akauliza yanavyotumiwa, na Sevantilal akashangaa swali lenyewe. Ndivyo tulivyo hapa. Mtoto wa Unjha haelezwi habari za isabgol kama asivyoelezwa habari za kulala. "Kijiko na maji, basi," alisema. "Itumie mwisho wa siku. Watu wote huitumia mwisho wa siku."

Na ni kweli, watu wote hapa huitumia mwisho wa siku, wakishatandika vitanda, na maziwa ya moto au glasi kubwa ya maji, na usiku kiu ikiwashika tena huamka wakanywa. Lakini mwisho wa siku wa Vasumati haukuwa kitandani. Ulikuwa kwenye kalenda ya Kijaini iliyotundikwa mlangoni pa jiko, inayotaja dakika ya jua kuzama kila siku ya mwaka. Alikula mseto wake wa wali na choroko mapema, akameza vidonge vyake vya presha, akatumia isabgol, akanywa maji, akapangusa midomo. Baada ya hapo mlango wa kinywa ulifungwa mpaka asubuhi.

Mwanzoni alikunywa glasi nzima, na tumbo likamtii. Alifurahi kama msichana, akamsifu mumewe kwa jirani. Kisha, kwa kuwa ilikuwa imemkubali, akaanza kupunguza maji. Kulala na tumbo lililojaa maji kulimchosha, na kuamka usiku kwenda msalani gizani kulimtisha. Glasi ikawa nusu. Sevantilal hakujua, kwa sababu saa hiyo alikuwa hajatoka sokoni, au ametoka na yuko sebuleni na mgeni.

Siku ya mkasa mgeni alikuwa Hiten, mnunuzi kijana kutoka Vadodara, aliyetumwa na watu wa viwanda vya dawa. Alikuwa mstaarabu, gari lake jipya, na ile glasi hakuwahi kuiona. Sevantilal akaona raha ya kumwonyesha sokoni haitoshi, akamleta nyumbani. Vasumati aliandaa chai na vipande vya dhokla, mkate wa dengu wa mvuke, vya moto, laini, vyenye mbegu za haradali juu. Hiten akala, akasifu, akala tena.

"Mama, hivi vyako vinanitia aibu. Nikirudi nyumbani nitamwambia nini mke wangu?"

"Mwambie aje nimfundishe," Vasumati akasema, akarudi jikoni kuvukisha vingine.

Jua likaanza kuinamia upande wa kinu. Vasumati alikuwa hajala. Alitokea mlangoni mara moja. "Unasikia?" alimwita mumewe, maana jina lake hakuwahi kulitamka tangu harusi. "Jua hilo."

"Kula wewe, kula," Sevantilal akajibu bila kugeuka, mkono tayari kwenye kijiko. "Sisi tunaendelea. Hiten, mwanangu, sogea. Macho hapa, usipepese."

Yaliyotokea jikoni aliyajua baadaye. Vasumati alikula kwa haraka, amesimama, kipande cha chapati alichokilowesha kwenye dengu. Akatazama kalenda, akatazama saa. Hapakuwa na muda wa kukoroga. Alijitilia isabgol mdomoni ikiwa kavu, kijiko kizima kilichojaa, akainua kikombe cha chuma na kumeza funda moja. Alipotaka la pili alichungulia dirishani. Mwanga ulikuwa umeondoka kwenye bendera ya hekalu. Akakirudisha kikombe mahali pake kikiwa kimepungua funda moja tu.

Sebuleni maji yalikuwa yameshaganda kwenye glasi. Sevantilal alikuwa kimya, amekunja mikono. Hata Hiten alikuwa amenyamaza, kwa sababu ukimya wa mzee yule ulikuwa wa kuambukiza. "Hebu fikiria," Sevantilal akasema kwa sauti ya chini, "kijiko kimoja tu," akaigeuza glasi kichwa chini. Hiten akapiga makofi. Papo hapo jikoni kikombe cha chuma kikaanguka sakafuni.

Walimkuta ameinama kwenye karo, mkono umebana kifua. Mate yalikuwa yakimtoka na machozi pamoja nayo. Pumzi ilikuwa inapita, lakini kwa kila pumzi uso ulimkunjamana.

"Imekwama," alisema.

"Nini? Nini imekwama?"

Aliinyooshea kidole pakiti. Sevantilal akaiona, akaona kijiko kikavu, akaona maji yaliyomwagika sakafuni, mengi mno kwa kikombe kilichonywewa. Mkononi bado alikuwa ameshika ile glasi, kichwa chini, na ndani yake maganda yameng'ang'ania. Hakuhitaji kuelezwa. Alijua kilichokuwa kikitokea ndani ya kifua cha mkewe kuliko mtu yeyote katika mtaa ule. Akaitupa glasi kwenye karo, akakamata jagi.

"Kunywa!"

Vasumati akatikisa kichwa. "Jua limezama."

"Mama Jagruti, si wakati wake huu! Imevimba, inataka maji, kunywa iteremke!"

"Limezama, nakwambia."

"Dhambi nabeba mimi! Yote! Iandikwe kwangu! Kunywa!"

Alifunga midomo. Sevantilal alimshika shavu, yeye ambaye hakuwahi kumwinulia mkono, akajaribu kuifungua ile midomo kwa ukingo wa jagi. Mama wa watu, mgonjwa, mwenye mwili wa ndege, akamsukuma mpaka akagonga kabati, na maji yote yakamwishia kifuani. Walitazamana. Hakuna kitu usoni mwa mkewe kilichosema kwamba atabadili nia.

"Nipeleke kwa daktari," alisema, akatema mate kwenye karo. "Nitakwenda popote unaponipeleka. Maji sinywi."

"Gari liko mlangoni, baba," Hiten akasema. "Twendeni, twendeni."

Njia yote ya kwenda hospitali ya mji wa Mehsana Sevantilal alikuwa kiti cha nyuma, ameshika bakuli chini ya kidevu cha mkewe. Mate hayakuwa yanashuka hata kidogo. Kila alichomeza kilirudi. Roho ya Sevantilal ilikuwa mkononi, na pamoja na hofu alikuwa na hasira ambayo hakupata kuihisi maishani. Alimchukia yule msichana wa miaka tisa wa Patan. Alimchukia mtawa aliyemwapisha. Alijichukia yeye zaidi ya wote wawili, kwa kumwacha mkewe mpaka jua linazama huku yeye akicheza na glasi mbele ya mgeni. Atakufa, aliwaza, atakufa kwa kukosa mafunda mawili ya maji, na pakiti nimemletea mimi.

"Tone moja tu," alimnong'oneza. "Nakuomba. Hakuna anayeona."

"Mimi naona," Vasumati akasema.

Hospitalini waliwapokea bila maneno mengi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Mansuri, mwenye mikono midogo na macho ya mtu aliyekwisha kusikia kila uongo wa wagonjwa. Alimkalisha Vasumati wima, akamsikiliza kifua, akauliza amemeza nini.

"Isabgol," akasema Sevantilal. "Kijiko kikubwa. Kavu."

"Na maji?"

"Funda moja."

"Baadaye? Ilipokwama mlimpa maji?"

Sevantilal aliinamisha kichwa. "Amekataa, daktari. Ana nadhiri yake ya magharibi. Nimemsihi, nimemlazimisha kwa nguvu, mbele ya huyu kijana. Hakunywa."

Daktari aliacha alichokuwa akifanya. "Hakunywa kabisa?"

"Hata tone."

"Basi mshukuru, mzee wangu. Ungefanikiwa kumnywesha, huenda tusingekuwa tunaongea hivi." Akauchukua mkono wa mzee na kuuweka kifuani mwa mzee mwenyewe, chini kidogo ya koo, kama anayemfundisha mtoto. "Njia ya chakula imezibwa hapa. Maji yangeshukia wapi? Yangejaa juu yake, yangerudi, yangeingia kwenye njia ya pumzi, na huku yale maganda yanazidi kuvimba. Maji ni ya wakati wa kumeza. Ikishakwama, unamkalisha mtu wima, humpi kitu chochote, unamleta kwetu. Kama mlivyomleta."

"Kama alivyotaka yeye," Sevantilal akasema, lakini sauti haikutoka vizuri.

Walimwingiza ndani. Vasumati alipoona wanamchoma sindano ya dripu alishtuka, akamvuta daktari kwa kitambaa cha begani.

"Binti, hayo si maji?"

"Ni maji, mama, lakini yanapita mkononi. Mdomo wako sijaugusa."

Vasumati alifikiri. "Nitamwuliza mtawa wangu," alisema. "Kama ni kosa, nitalifungia siku."

Daktari Mansuri alitoka akicheka na kutikisa kichwa. Sevantilal na Hiten wakakaa kwenye benchi la ukutani. Hiten alijaribu kumfariji, akasema hili na lile, akaona hasikilizwi. Sevantilal alikuwa akiitazama mikono yake. Mikono hii ilikuwa imepima isabgol ya watu wa nchi asizoweza hata kuzitaja. Hii hii ndiyo iliyompa mkewe kijiko bila kumwambia habari ya maji wakati alipoyahitaji, na hii hii ikataka kumtilia jagi zima wakati maji yangemuua. Amekosea kote kuwili. Aliyekuwa sawa ni yule mwenye kufunga mdomo. Jambo hilo lilimwelemea.

Daktari alirudi na kidishi cha chuma. Walikuwa wameteremsha mrija wenye taa, wakakitoa kilichokwama kipande kwa kipande. Sevantilal akachungulia. Kilikuwa ute mweupe, mzito, unaong'aa. Alikuwa ameutazama miaka na miaka kwa staha yote, na sasa hakuweza kuutazama kwa muda mrefu.

"Anapumua vizuri. Atapona," daktari akasema. "Njoo, nina la kumwuliza, na wewe usikie."

Vasumati alikuwa amekaa wima kwenye mito, amechoka, nywele zimemtoka kwenye kibanio.

"Mama, kabla ya leo, chapati zilikuwa zikikukwama?"

"Hapana," akadakia Sevantilal. "Hajawahi."

Vasumati akamkubalia daktari kwa kichwa. "Tangu wakati wa baridi. Ndiyo maana nalowesha."

"Hukuniambia!"

"Hukuuliza."

Hakumwambia kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja siku ya juma. Lakini Sevantilal aliona mbele ya macho yake chakula cha jioni cha miezi yote ile, na vile vidole vikivunja chapati vipande vidogo, vikivizamisha kwenye dengu, vikisubiri vilainike. Alikuwa amekaa mbele yake mkekani akisimulia habari za sokoni.

"Umio wako una mahali palipobana," daktari akaeleza. "Tutapatanua siku nyingine, si kazi kubwa. Lakini mtu ambaye chakula kinamkwama hatumii isabgol hata punje mpaka aonwe na daktari. Kwa sasa tumia papai, mboga za majani zilizoiva sana, na maji tangu asubuhi, usingoje jioni ndipo ukumbuke." Akamgeukia Sevantilal. "Na wewe, unayeiuza, waambie watu. Dawa hii ni nzuri. Mimi mwenyewe nawaandikia wagonjwa. Lakini waanze na kidogo. Wakoroge kwenye glasi kubwa iliyojaa, wanywe hapo hapo kabla haijawa nzito, kisha waongeze glasi nyingine. Wasiitupie mdomoni ikiwa kavu, wala wasiinywe na kulala. Vidonge wavitenganishe nayo kwa muda wa saa mbili hivi, isije ikavizuia tumboni. Na mwenye nadhiri kama mama, aitumie mchana, ili baada yake aweze kunywa maji."

"Mchana," Sevantilal akarudia taratibu, kama mwanafunzi.

"Ulikuwa hujui?"

"Ya glasi nilikuwa naijua yote," alisema.

Alibaki pale kando ya kitanda. Hiten aliwaaga, akamgusa Vasumati miguu kwa heshima, akaahidi kumleta mkewe afundishwe dhokla. Vasumati akalala akiwa amekaa. Sevantilal hakulala, wala hakuwa na haja ya kulala. Alimtazama. Alikumbuka kikombe cha mkunga na ile asubuhi ya ukutani, na akaona kwamba hata siku ile alikuwa ameustaajabia uimara wake kama anavyostaajabia bidhaa, kutoka mbali, bila kuuliza unamgharimu nini. Hakuamini nadhiri zaidi ya alivyoamini jana. Angeendelea pengine na aiskrimu yake. Lakini alijua kwamba usiku ule, humo chumbani, mtu mmoja ndiye aliyekuwa ameishika njia yake bila kutapatapa, na hakuwa yeye.

Kukapambazuka. Muuguzi alisema sasa anaweza kupewa maji, kidogo kidogo, kwa kikombe kidogo. Vasumati alitazama dirishani. Jua lilikuwa limechomoza, lakini wakati wake wa kufungua bado, maana yeye hungoja dakika arobaini na nane baada ya jua kuchomoza. Akangoja. Muuguzi akanung'unika, na Sevantilal, ambaye jana alikuwa amempigania kwa jagi, akamwambia, "Mwache, dada. Anajua saa yake."

Wakati ulipofika Vasumati alikunja ngumi, akaiweka kwenye godoro, akanong'ona sala yake ya kufungulia, akaikunjua. Akapokea kikombe. Sevantilal alisogea karibu mpaka miwani yake ikapata ukungu wa pumzi ya mkewe. Midomo ilifunguka. Maji yakaingia. Aliona shingo iliyokunjamana ikipanda, ikashuka, na maji yakapita, yakaenda zao kama vile halikuwa jambo. Vasumati akanywa funda jingine, nalo likapita. Macho ya mzee yakajaa machozi.

"Mbona umenikodolea macho?" Vasumati akauliza kwa sauti ya mikwaruzo. "Kwani hujapata kumwona mtu akinywa maji?"

"Sijapata," akasema Sevantilal. "Kunywa tena nione."